Kipimo cha Oili

Filamu ile haikuwa na mwisho, na kwa zaidi ya miaka arobaini sikujua nani alishinda. Padre wa misheni ya Asumbi alikuwa na mashine ya kuonyeshea picha, shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, na makopo matatu ya filamu. Kopo la nne, lenye mwisho, lilikuwa limeungua huko lilikotoka. Kila muhula ulipofungwa, sisi wasichana wa bweni tulikusanywa ukumbini mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, tukawaangalia wazungu waliopakaa matope wakishindana kwa pikipiki porini. Walivuka mito, wakapanda vilima vya mchanga, wakaanguka, wakainuka, halafu ghafla shuka ikawa nyeupe na mablanketi yakashushwa. Wenzangu walienda kufunga masanduku yao. Mimi nilibaki nimekaa.

Wangu alikuwa namba arobaini na moja, mwembamba, mwenye fulana ya mistari. Aliendesha amesimama wima kwenye vikanyagio, kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani. Baba yangu alimpenda namba tisa, jitu lenye ndevu ambalo liliendesha kwa nguvu na kuwasukuma wengine.

Baba aliiona filamu hiyo kwa bahati. Alikuwa afisa wa mifugo, mchanjaji wa ng'ombe kuanzia Uriri mpaka Muhuru Bay, na mara nyingine mpaka vilima vya Gwassi, huko Homa Bay ambako gari halikufika. Siku moja alikuja shuleni kunichukua mapema, akaambiwa asubiri. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, kofia ngumu mkononi, hata kuketi akasahau. Njia nzima ya kurudi Uriri, mimi nyuma yake na sanduku la bati limefungwa ubavuni, tulibishana nani alishinda. Tuliendelea kubishana likizo baada ya likizo. Ndivyo nilivyofundishwa pikipiki, katikati ya ubishi, kwenye vijia vya mashamba ya miwa.

Pikipiki yake ilikuwa ya Kijapani, nyekundu, matairi yenye meno, na ekzosi yake ilipandishwa juu karibu na kiti ili isinywe maji ya mto. Injini ilikuwa ya zile za kuchanganya. Petroli peke yake haikutosha. Ilibidi uichanganye na oili kabla ya kuitia kwenye tangi, kwa sababu oili hiyo ndiyo iliyolainisha pistoni ndani ya silinda. Kipimo chetu kilikuwa kikombe kidogo cha bati ambacho baba alikichora mstari kwa msumari. Kazi ya kupima ilikuwa yangu, na kikombe nilikitunza mimi, sandukuni mwangu. Ukichanganya sawasawa, pikipiki huacha moshi wa buluu nyuma yake. Baba aliniambia nisipouona moshi nizime palepale, hata kama niko katikati ya mto.

Mama aliichukia pikipiki hiyo kwa moyo wake wote. Hakuichukia kimyakimya. Alisema ina sauti ya debe lililojaa mawe, na kwamba mtoto wa kike atazaaje akitikiswa hivyo. Lakini tulipokuwa huko kwenye miwa alisimama uani na kusikiliza. Alisema akiisikia kelele ile anajua tuko hai, ikinyamaza ndipo moyo wake unaposimama. Baba alicheka. Mimi nilicheka pia.

Ilinyamaza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, niko nyumbani. Baba alikuwa akiteremka kuelekea mto Kuja mvua ikinyesha, tairi likapanda jiwe, akaanguka vibaya. Mama alikuwa amejua kabla ya mtu yeyote kufika kutuambia. Pikipiki yenyewe ilirudishwa nzima, ila hendeli imepinda na tangi limemwagika lote.

Kwetu, mwanamume mzima akifa, kifo chake hufukuzwa. Tunaita tero buru. Ng'ombe husukumwa mbio hadi mpakani mwa boma na kwingineko, wanaume na fimbo na matawi, wanawake wakiimba, na siku hizi pikipiki pia, zikinguruma mbele ya ng'ombe. Ya marehemu mwenyewe lazima itangulie. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo pikipiki yake ilichukuliwa na mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu si binamu, ni ndugu kamili, na ambaye hadi siku hiyo alikuwa ameendesha pikipiki za kawaida tu, zile unazotia petroli ukaenda zako. Alinyoosha hendeli, akaenda sokoni Uriri, akajaza tangi. Hakuniuliza kitu. Ungemuuliza msichana nini kuhusu pikipiki?

Nilikuwa uani na wanawake alipopita. Nilitazama nyuma ya gurudumu, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na moshi.

Nilikimbia. Nilimfuata nikipiga kelele azime, azime, na kikombe cha bati kilikuwa sandukuni mwangu hatua ishirini kutoka hapo. Nani angenisikia katikati ya pembe na ng'ombe na vilio? Shangazi mmoja alinishika kiuno akidhani nimepagawa na uchungu. Nilimwambia oili, hakuna oili. Akaniambia lia tu, mwanangu, lia.

Injini ilikwama kwenye kijito cha mpakani. Gurudumu la nyuma likafunga kwa mpigo mmoja na ndugu yangu akatupwa majini mbele ya ukoo mzima. Sasa, mtu mwingine angesema nimeharibu. Yeye aliinuka, maji yakimchuruzika, akawatazama wazee, akasema pikipiki imekataa. Marehemu ameishika. Na kwa nini ameishika? Kwa sababu kuna msichana amekuwa akiipanda kama mwanamume, na marehemu sasa ameona aibu yake huko aliko.

Wazee waliijaribu kwa mguu, wakaisukuma, haikutikisika. Nani abishe? Buru ya baba yangu iliishia kijitoni, haikumalizwa, na aliyeikatiza akawa mimi. Pikipiki ilikokotwa hadi kwa ndugu yangu ikalazwa kando ya ghala, isiguswe, hasa na mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Migori kwenda Kisumu. Ndama akifa bomani, jina langu lilitajwa. Mvua ikichelewa, nikatajwa. Mchumba wangu wa kwanza, mtu wa Rangwe, aliletewa habari na watu wenye huruma, akatoweka bila hata kuniaga. Siku za kumkumbuka baba niliambiwa nisimame nje ya ua, nisikaribie kaburi. Nilihamia Homa Bay, nikafundisha, nikaolewa na mgane mwenye adabu ambaye hakujali mambo ya wafu, nikazaa, nikastaafu. Ndugu yangu naye alipanda cheo. Mtu ambaye wafu huzungumza kupitia kwake husikilizwa, na kila jambo bomani lilimngoja yeye. Kando ya ghala lake, kuku walitagia mayai kwenye kiti alichokalia baba.

Haya yote ningeyameza. Nilishindwa kumeza kimoja, kimya cha mama. Mama aliyekuwa akitusikiliza tukiwa kwenye miwa hakusema hata neno kunitetea. Nilimwambia kuhusu moshi, kuhusu oili, nikamwonyesha kikombe. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia, akaenda kupepeta mahindi. Alikufa miaka kumi baadaye. Alizikwa nikitazama kutoka nje ya ua, nikijua kwamba mama yangu aliamini nilimwaibisha baba. Sikumchukia yeye. Chuki yote nilimpelekea ndugu yangu, ikakaa huko ikizaa riba.

Halafu, juzijuzi tu, binti yangu aliniuliza filamu ile niliyowasimulia utotoni ilikuwa ya nini, akatafutatafuta kwenye simu, akaniletea. Ilikuwa yote, na mwisho wake. Nilivaa miwani nikakaa sebuleni mchana ule kama nimeenda kanisani. Namba tisa hakushinda. Namba arobaini na moja hata hakumaliza. Katikati ya mbuga gurudumu lake la nyuma lilifunga, akaburuzika kwenye vumbi, akainuka, akapapasa silinda, akaunguza kidole. Injini imekwama. Akavua kofia yake, akaketi kwenye nyasi, akaanza kucheka.

Hakuna aliyesema marehemu babu yake amekataa. Hakuna aliyekwenda kumtafuta dada yake wa kulaumu. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, na tena, mpaka simu ikaisha chaji, na hasira iliyokuwa imelala ndani yangu ikaamka na njaa ya miaka yote hiyo. Usidhani penye kovu pamepoa.

Niliwaambia wanunuzi wote wa vyuma chakavu mjini Migori: mkiletewa pikipiki nyekundu yenye ekzosi ya juu, niiteni kabla hamjaikata. Nilijua ndugu yangu anataka kujenga nyumba ya mawe pale lilipokuwa ghala. Haikuchukua mwaka. Mtu aliyezungumza na wafu aliitoa pikipiki ya marehemu pamoja na mabati mabovu na jembe la ng'ombe lililovunjika, na mkokoteni ukaileta.

Fundi wa Uriri aliinywesha dizeli silindani wiki nzima kabla pistoni haijakubali kutoka. Alinipa nikaishika. Ubavu wake ulikuwa umechunwa na kukwaruzwa kama sufuria ya ugali ulioungua.

"Mama, hii haikuonja oili hata tone," alisema.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba arudie mara ya tatu, naye akaniangalia kwa wasiwasi kidogo.

Pistoni nyingine niliipata Muhuru Bay, kwa mzee anayetengeneza injini za mashua. Huko injini nyingi bado ni za kuchanganya, na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa wa omena pembeni, aliposikia kisa changu, aliuliza ni mjinga gani huyo aliyetia petroli tupu. Nilimshukuru kutoka moyoni. Mwanika omena wa Muhuru alilijua jambo ambalo msemaji wa wafu wetu hakulijua.

Nilijifunza upya kwenye vijia nyuma ya Homa Bay, suruali ndani, gauni juu, miaka sitini magotini. Nilianguka mara nne. Vijana wa boda walinicheka siku ya kwanza, siku ya tatu wakaanza kuniuliza niliwezaje kupita mtaroni bila kuketi. Niliwaambia magoti yawe laini na macho yaangalie mbali, kwa sauti ya baba kabisa.

Kisha baba mdogo, baba yake ndugu yangu, akafa kwa uzee. Alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kunitaja vibaya. Nilikwenda kwanza kwenye jeneza lake nikamwomba msamaha kwa nitakalofanya, nikamweleza sababu, ndipo nikatoka kuchanganya petroli. Kikombe kilekile, mstari uleule.

Siku moja kabla ya mazishi, mchana, buru ilitoka. Ndugu yangu aliongoza kwa pikipiki mpya inayong'aa, tumbo limekaa juu ya tangi. Nyuma yake boda kama thelathini, nyuma yao ng'ombe. Mimi nilisubiri mwishoni kabisa. Watu waliponiona, uimbaji ulipungua, kisha wazee wakaanza kuitambua ile rangi nyekundu na ile ekzosi, na mmoja wao akaketi chini.

Nilikanyaga mara mbili ikawaka. Moshi wa buluu ukatoka mwingi, mzuri, wenye harufu ya utoto wangu.

Nilipita kando ya ng'ombe, nikapita boda, na kwenye kile kijito, kilekile, nilimkuta ndugu yangu gurudumu limezama kwenye udongo mweusi, anasukuma kwa miguu, viatu vya mazishi vimejaa tope. Nilisimama kwenye vikanyagio. Nilipita karibu naye kadiri nilivyoweza, nikamwachia moshi wote usoni, nikavuka, nikapanda ng'ambo, nikaendelea. Niliizunguka mipaka yote ya boma, ile buru iliyokatizwa nikaimalizia pamoja na hii mpya, nikarudi uani wa kwanza. Sikuwahi kufurahi hivyo maishani, na ninaandika hivi nikijua nilikuwa matangani.

Watu walipoketi chini ya turubai kula, nilimwomba msema chochote, mwongoza shughuli, kipaza sauti. Alinipa, nadhani, kwa woga. Niliiinua pistoni juu. Nikasema: huu ndio mkono wa marehemu ulioshika pikipiki. Nikamwita fundi asimame. Alieleza kwa dakika mbili, bila kuongeza chumvi, maana haikuhitaji. Boda wote pale walijua anachosema kabla hajamaliza. Kisha bibi mmoja nyuma akaanza kucheka, cheko la kikohozi, na turubai lote likamfuata. Kabla chai haijaisha vijana walikuwa wameshampa ndugu yangu jina jipya. Bila Oili. Watoto wake wanaitwa hivyo shuleni mpaka leo, nimeambiwa. Wajukuu wataitwa.

Nilimpelekea pistoni mahali alipoketi, nikamwekea mapajani juu ya sahani yake.

Alinijia jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, nikiwa nafunga kofia yangu. Alikuwa na pistoni mkononi. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari.

"Nyaminwa," aliniita, dada yetu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu tulipokuwa watoto. "Nilijua ile jioni ileile. Muuza petroli aliniuliza kama nimeweka oili. Nikaenda kwa mama yako nimwambie ukweli."

Nilimwambia asimtaje mama yangu.

"Alinishika mkono. Akasema acha ibaki hivyo. Ukisema ni petroli, kesho huyu mtoto ataitengeneza, na kesho kutwa nitamzika. Akanifanya niape."

Nilitaka aonekane anadanganya. Nilimchunguza uso kama nilivyochunguza wanafunzi miaka thelathini. Hakuwa akidanganya.

"Na wewe ukafurahi kuapa," nilimwambia.

"Nilifurahi," alisema. Aliniwekea pistoni kwenye kiti cha pikipiki, akaondoka.

Sikumsamehe. Alichoomba mama kilikuwa kimya, lakini cheo alikichukua mwenyewe, na mchumba wa Rangwe hakufukuzwa na mama. Bila Oili ni jina lake halali. Lakini kisasi nilichokuwa nimekibeba nilikuwa nimekigawa vibaya, nusu yake haikuwa ya yule mtu, na mwenye nusu hiyo alikuwa amelala mita hamsini kutoka hapo, kando ya baba, mahali nilipokatazwa kukanyaga.

Niliisukuma pikipiki ndani ya ua. Hakuna aliyenizuia. Kaburi la mama lina saruji iliyopasuka na maua ya plastiki. Nilikitoa kikombe cha bati mfukoni, kile alichokishika akakigeuza akanirudishia bila neno, nikakiweka juu ya saruji karibu na kichwa chake. Miaka yote hiyo, mama. Ulijua miaka yote hiyo, ukanipita na ungo wako.

Nilikanyaga ikawaka. Niliivuta akseleta mpaka mwisho, nikaishikilia hapo, debe lililojaa mawe, moshi ukilifunika kaburi lote, kuku wakikimbia, watu wakitoka turubaini kuona kuna nini. Nilimpigia mama kelele aliyoichukia mpaka mkono ukafa ganzi. Kila nilipofikiri imetosha, nilikumbuka angekuwa uani amesimama, anasikiliza, nikaogopa kuizima.